Redio ya intaneti ya reggae

Redio ya intaneti ya reggae ni kituo cha redio kinachorusha muziki wa reggae na vipindi vinavyohusiana nao kupitia intaneti badala ya mawimbi ya hewani. Kituo cha namna hii hakihitaji mnara wala masafa ya FM. Kinahitaji kompyuta, umeme, muunganisho wa intaneti, seva, maktaba ya muziki na vibali vya kisheria. Msikilizaji hukipata kwa simu ya mkononi, kompyuta au redio maalumu, mahali popote duniani penye mtandao.

Nchini Tanzania vituo vya mtandaoni vinafuata sheria za mawasiliano na za hakimiliki kama watangazaji wengine. Makala hii inaeleza jinsi kituo cha reggae cha mtandaoni kinavyofanya kazi na kinavyoendeshwa. Mazingira ya Mwandiga, mkoani Kigoma, yametumika kama mfano wa mahali palipo mbali na miji mikubwa ya utangazaji.

Reggae na redio

Reggae ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1960, ikitokana na mitindo ya ska na rocksteady. Jina lake lilienea baada ya kundi la Toots and the Maytals kutoa wimbo "Do the Reggay" mwaka 1968. Tarehe 29 Novemba 2018 UNESCO iliingiza reggae ya Jamaika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Ingawa muziki huu ulizaliwa Jamaika, kwa muda mrefu redio za huko hazikuupa nafasi kubwa. Watu wa mitaa ya Kingston waliusikia zaidi kwenye "sound system", yaani mitambo mikubwa ya kupigia santuri iliyowekwa uwanjani au barabarani. Kituo cha kwanza kilichojulikana kwa kupiga reggae mfululizo nchini humo, Irie FM, kilianza mwaka 1990 katika mji wa Ocho Rios.

Desturi za sound system bado zinaonekana katika redio za reggae za leo. Katika Jamaika anayechagua na kupiga santuri huitwa "selector", na "deejay" ni yule anayeghani juu ya mdundo. Katika Afrika Mashariki neno dijei kwa kawaida humaanisha mpiga muziki. Tofauti hii huwachanganya wasikilizaji wapya, hasa wanaposoma majina yaliyoandikwa kwenye santuri za zamani.

Reggae katika Afrika Mashariki

Reggae ilifika Afrika Mashariki kwa santuri, kanda za kaseti na redio. Kushiriki kwa Bob Marley katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe mwezi Aprili 1980 kuliongeza umaarufu wa muziki huu barani. Baadaye wanamuziki wa Afrika wenyewe, kama Alpha Blondy wa Cote d'Ivoire na Lucky Dube wa Afrika Kusini, walipata wasikilizaji wengi katika nchi za Afrika Mashariki. Lucky Dube aliuawa mjini Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007, lakini nyimbo zake bado husikika kwenye mabasi, vinyozini na kwenye vibanda vya kuchaji simu.

Tanzania imekuwa na wanamuziki wake wa reggae. Miongoni mwao ni Jah Kimbute aliyeongoza bendi ya Roots and Kulture, Justin Kalikawe wa Bukoba aliyefariki mwaka 2003, Innocent Nganyagwa anayejulikana kama Ras Inno, na Jhikoman wa Bagamoyo. Wengine wamefanya kazi yao nje ya nchi, kama Ras Nas aliyehamia Norwei na Innocent Galinoma aliyefanya muziki nchini Marekani.

Nchini Kenya reggae imepata nafasi kubwa zaidi katika redio za kawaida. Metro FM ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) ilijulikana kwa reggae, na Ghetto Radio ya Nairobi inayotangaza kwa Sheng huipa nafasi pia. Nchini Tanzania reggae imesikika zaidi katika vipindi vya saa chache kwa wiki ndani ya redio zinazopiga muziki wa aina nyingi. Ndiyo sababu mashabiki wake huvutiwa na wazo la kituo cha mtandaoni, ambamo muziki huo haupangiwi saa moja au mbili tu.

Historia ya redio ya intaneti

Mwaka 1993 Mmarekani Carl Malamud alianzisha Internet Talk Radio, kipindi cha mahojiano kilichosambazwa kupitia intaneti. Tarehe 7 Novemba 1994 kituo cha WXYC cha Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilianza kurusha matangazo yake ya FM mtandaoni. Mwaka uliofuata ilitolewa programu ya RealAudio, iliyowawezesha watu kusikiliza sauti bila kusubiri faili lote lishuke.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitokea programu za seva za SHOUTcast na Icecast. Programu hizi ziliwawezesha watu binafsi kuanzisha vituo kwa gharama ndogo, na vituo vya muziki wa aina moja, reggae ikiwemo, viliongezeka haraka.

Afrika Mashariki ilichelewa kwa sababu ya gharama na kasi ndogo ya mtandao. Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya kimataifa ilipita kwenye satelaiti. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi na kufika Dar es Salaam, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Mkongo wa taifa wa mawasiliano ulisogeza huduma hiyo mikoani. Hata hivyo, watu wengi walianza kutumia intaneti kwa simu ya mkononi na kwa vifurushi vya data, ambavyo huitwa "bando".

Namna kituo kinavyofanya kazi

Sauti hupita hatua nne kabla ya kumfikia msikilizaji.

Hatua ya kwanza ni studio. Hapo kuna kompyuta, kipaza sauti, mikza na vipokea sauti vya masikioni. Muziki hupangwa na kupigwa kwa programu kama Mixxx au RadioDJ. Chumba kidogo chenye mapazia mazito, magodoro au mazulia hupunguza mwangwi. Paa la bati lisilo na dari hufanya kurekodi wakati wa mvua kuwa kugumu, hivyo watangazaji wengi hurekodi maelezo yao mapema.

Hatua ya pili ni kubana sauti. Programu ya kurushia, kwa mfano BUTT, hupokea sauti kutoka mikza na kuibana kwa muundo wa MP3, AAC, Ogg Vorbis au Opus. Kiasi cha kubana hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Namba ikiwa kubwa, sauti huwa bora lakini data huliwa zaidi.

Hatua ya tatu ni seva. Studio hutuma mkondo mmoja tu kwenda kwenye seva, na seva huunakili kwa kila msikilizaji. Kwa kawaida seva hukodishwa katika kituo cha data chenye mtandao wa kasi. Kuiweka seva nyumbani huleta tatizo la hesabu: wasikilizaji 50 wa mkondo wa kilobiti 64 wanahitaji kasi ya kupakia ya megabiti 3.2 kwa sekunde bila kukatika, na wasikilizaji 100 wanahitaji megabiti 6.4.

Hatua ya nne ni kifaa cha msikilizaji. Simu hupokea sauti na kuhifadhi sekunde kadhaa mbele kabla ya kuipiga, ili mtandao ukiyumba kidogo wimbo usikatike. Kwa sababu hiyo matangazo ya mtandaoni huchelewa, mara nyingi kwa sekunde kadhaa hadi nusu dakika. Mtangazaji anayetaja saa kamili hewani hutaja wakati ambao kwa msikilizaji umeshapita. Vilevile anayepiga simu studioni huombwa kuzima redio yake kwanza, la sivyo atajisikia mwenyewe akirudia maneno aliyokwisha kusema.

Kipiga muziki cha seva

Seva nyingi zina uwezo wa kupiga muziki zenyewe kutoka kwenye maktaba iliyopakiwa humo. Programu kama AzuraCast na LibreTime hufanya kazi hiyo. Mtangazaji akiingia hewani mbashara, seva humpisha. Akitoka au mtandao wake ukikatika, seva hurudi kwenye orodha yake ya nyimbo.

Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kipengele hiki ndicho kinachokifanya kituo kiendelee kusikika. Umeme ukizimika studioni, msikilizaji aliyeko mbali hugundua tu kwamba mtangazaji amenyamaza na muziki unaendelea.

Hesabu ya data

Katika redio ya FM msikilizaji akishanunua redio na betri halipi tena. Katika redio ya intaneti kila dakika ya kusikiliza ina gharama kwa pande zote mbili. Kituo hulipia data inayotoka kwenye seva, na msikilizaji hulipia data inayoingia kwenye simu.

Matumizi ya msikilizaji mmoja kwa saa moja ni kama ifuatavyo:

- Mkondo wa kilobiti 32 kwa sekunde: megabaiti 14.4
- Mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde: megabaiti 28.8
- Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde: megabaiti 57.6

Anayesikiliza saa 2 kila siku kwa mkondo wa kilobiti 64 hutumia megabaiti 1,728 kwa siku 30, yaani takriban gigabaiti 1.7. Akitumia mkondo wa kilobiti 32 hutumia nusu ya hapo. Kwa mtu anayenunua bando la siku kwa fedha ya kula, tofauti hiyo huamua kama atasikiliza au la. Kwa hiyo vituo vingi huweka mikondo miwili: mmoja mwepesi kwa wenye simu na bando dogo, na mwingine wenye sauti bora kwa wenye intaneti ya nyumbani au ofisini.

Kwa upande wa studio, kurusha mkondo mmoja wa kilobiti 64 saa 24 kwa siku hutumia megabaiti 691 kwa siku, au karibu gigabaiti 21 kwa mwezi. Kituo kinachotumia kipiga muziki cha seva na kuingia mbashara saa 3 tu kwa siku hutumia sehemu moja ya nane ya kiasi hicho.

Ubora wa sauti ya reggae

Reggae hutegemea sana besi na ngoma. Simu nyingi zina spika ndogo zisizoweza kutoa sauti za chini, hivyo wimbo uliosikika mzito studioni huweza kusikika mtupu kwa msikilizaji. Mafundi hujaribu matangazo kwa simu ya kawaida kabla ya kuridhika, pamoja na spika kubwa.

Tatizo lingine ni kubana sauti mara mbili. Wimbo uliopakuliwa ukiwa tayari umebanwa sana hubanwa tena wakati wa kurushwa, na matoazi pamoja na gitaa la mkato huanza kusikika kama maji yanayochuruzika. Kwa hiyo hushauriwa maktaba ihifadhiwe kwa ubora wa juu, na kubana kufanyike mara moja tu mwishoni. Pia santuri za zamani zilirekodiwa kwa viwango tofauti vya sauti. Zisiposawazishwa, msikilizaji hulazimika kupandisha na kushusha sauti kila wimbo unapobadilika.

Mazingira ya Mwandiga na mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mwandiga ni kata ya Wilaya ya Kigoma Vijijini iliyo karibu na mji wa Kigoma. Hapo ndipo inapoanzia barabara ya lami ya kwenda Manyovu, mpakani na Burundi. Wenyeji wengi wa eneo hilo ni Waha, na Kiha husikika sokoni na majumbani pamoja na Kiswahili. Kigoma ni mwisho wa reli ya kati, iliyofika ziwani mwaka 1914, na Ujiji ni mji wa kale wa biashara ambako Kiswahili kina mizizi mirefu.

Redio si jambo geni katika mkoa huu. Redio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 huko Ngara, mkoani Kagera, na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilisikika pia katika maeneo ya Kigoma yenye kambi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na baadaye ilipokea Warundi pia.

Mazingira haya yanaathiri redio ya mtandaoni kwa njia kadhaa.

Umeme. Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Kazi ya kuunganisha sehemu za mkoa na gridi ilipiga hatua kubwa mwaka 2022. Hata pale umeme upo, studio ndogo huhitaji akiba: kompyuta ya mkononi yenye betri nzuri, kifaa cha kupokelea intaneti kinachoweza kutumia betri, au paneli za sola zenye inveta. Kompyuta ya mkononi hutumia umeme kidogo kuliko ya mezani, hivyo ni chaguo la kawaida.

Mtandao. Maeneo yenye milima na mabonde hupata mawimbi ya simu kwa kiwango tofauti. Kasi ya kupakia, ambayo ndiyo inayohitajika studioni, mara nyingi ni ndogo kuliko kasi ya kupakua. Kabla ya kuchagua chumba cha studio ni vizuri kuipima kwa siku kadhaa, hasa jioni wakati watumiaji ni wengi. Laini za kampuni mbili tofauti hutoa usalama zaidi kuliko laini mbili za kampuni moja.

Utegemezi wa mkongo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Tukio la namna hiyo huonyesha udhaifu wa kituo ambacho studio yake iko nchini na seva yake iko Ulaya: watu wawili waishio mtaa mmoja hawawezi kusikilizana bila data kuvuka bahari na kurudi. Mawasiliano yanaweza pia kuzuiwa kwa amri, kama ilivyotokea kwa mitandao ya kijamii wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020.

Saa. Tanzania iko saa moja mbele ya Burundi, mashariki mwa Kongo na Zambia, nchi zinazozunguka ziwa lilelile. Kipindi kinachoanza saa 2 usiku Kigoma huanza saa 1 jioni Bujumbura na Kalemie. Ratiba inayotaja saa bila kutaja ni ya wapi huwapoteza wasikilizaji wa ng'ambo.

Wasikilizaji waliotawanyika. Familia nyingi za Wakongo zilizoishi Nyarugusu zimehamishiwa Marekani na nchi nyingine, na Kiswahili wamekwenda nacho. Masafa ya FM ya Kigoma hayawezi kuwafikia, lakini mkondo wa intaneti huwafikia sawa na jirani wa Mwandiga.

Maktaba na vipindi

Saa moja ya muziki huhitaji takriban nyimbo 15 za dakika nne, na siku nzima huhitaji 360. Maktaba ya nyimbo 2,000 humalizika kwa siku tano na nusu kama hakuna wimbo unaorudiwa. Kwa sababu hiyo vituo hupanga mzunguko: nyimbo chache mpya hurudiwa mara kwa mara, zinazojulikana hurudi baada ya siku kadhaa, na za zamani huchukuliwa mojamoja kutoka kwenye hazina.

Vipindi vya reggae hugawanywa mara nyingi kwa mitindo:

- Ska na rocksteady, muziki wa Jamaika wa miaka ya 1960
- Roots, yenye ujumbe wa kijamii na wa imani ya Rastafari
- Lovers rock, reggae ya mapenzi iliyokua Uingereza katika miaka ya 1970
- Dub, ambamo fundi mitambo huondoa sauti za waimbaji na kuacha besi, ngoma na mwangwi
- Dancehall, iliyoshika kasi kuanzia miaka ya 1980
- Reggae ya Afrika, ikiwemo ya Kiswahili

Katika reggae mdundo mmoja, uitwao "riddim", huweza kutumiwa na waimbaji wengi. Mdundo wa "Real Rock" uliorekodiwa Studio One mwaka 1967 umetumika katika nyimbo nyingi mno. Mdundo wa "Sleng Teng" wa mwaka 1985, uliotokana na kinanda kidogo cha Casio, ulifungua njia kwa reggae ya kompyuta. Kupiga nyimbo kadhaa za mdundo mmoja mfululizo ni ufundi unaopendwa na wasikilizaji. Lakini pia huleta makosa ya kumbukumbu, kwa kuwa nyimbo tofauti huonekana kama moja.

Uandishi sahihi wa jina la msanii, wimbo, mwaka na mtunzi ni kazi ya kila siku ya kituo. Kwa reggae ya Kitanzania kazi hii ina uzito wa pekee. Rekodi nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilitoka kwa kaseti, na kanda hukwama, hukatika na huota ukungu. Kituo kinachozihamishia kwenye kompyuta kwa idhini ya wenye haki, na kuandika nani alipiga nini, huokoa sehemu ya historia ya muziki wa nchi. Kisipofanya hivyo, kituo cha Kigoma huishia kupiga nyimbo zilezile za Kingston zinazopatikana kila mahali.

Maudhui ya nyimbo pia huangaliwa. Baadhi ya nyimbo husifu bangi, ambayo ni marufuku nchini Tanzania, na baadhi za dancehall zina matusi au huchochea ukatili. Vituo hutumia matoleo yaliyosafishwa, huziweka nje ya orodha au huandaa mjadala unaozieleza.

Sheria na leseni

Nchini Tanzania mawasiliano husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mwezi Machi 2018 zilitolewa kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizowataka wenye blogu, redio na televisheni za mtandaoni kuwa na leseni. Kwa blogu, jumla ya ada za kuanzia ilizidi shilingi milioni 2. Ada hizo zilizua mjadala mkubwa, na mwezi Juni 2018 baadhi ya majukwaa, likiwemo Jamii Forums, yalisimama kwa muda.

Wanaounga mkono kanuni walisema mtandao hauwezi kuachwa bila msimamizi wakati redio za kawaida zina leseni. Wapinzani walisema ada hizo ziliwatoa nje vijana na vikundi vidogo ambao faida pekee ya intaneti kwao ilikuwa ni unafuu wake. Kanuni mpya zilitolewa mwaka 2020 na zimefanyiwa marekebisho baadaye. Zinatofautisha maudhui ya habari na ya burudani, hivyo anayetaka kuanzisha kituo hupaswa kusoma toleo linalotumika pamoja na jedwali lake la ada, kisha kujua kituo chake kiko kundi gani. Kituo cha muziki kinachoongeza taarifa ya habari kinaweza kujikuta katika kundi jingine.

Aidha, kituo kinachokusanya majina, namba za simu au anwani za kimtandao za wasikilizaji huguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hakimiliki

Kununua CD au kulipia wimbo mtandaoni humpa mtu haki ya kuusikiliza, si haki ya kuutangaza kwa umma. Tanzania Bara huongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo msingi wa COSOTA. Zanzibar ina COSOZA.

Wimbo mmoja una haki za aina mbili: haki ya mtunzi wa maneno na muziki, na haki ya waliorekodi, yaani waimbaji, wapigaji na mtayarishaji. Kwa sheria ya Tanzania haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Bob Marley alifariki Mei 1981, hivyo nyimbo alizotunga peke yake zinalindwa nchini hadi 2031. Nchini Uingereza, ambako muda ni miaka 70, zinalindwa hadi 2051.

Hapa ndipo ugumu wa redio ya intaneti unapoonekana. Matangazo ya FM huishia karibu na mpaka, lakini mkondo wa mtandaoni husikika katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, na haki hutolewa nchi kwa nchi. Baadhi ya kampuni za kukodisha seva huuza huduma pamoja na leseni za muziki kwa nchi chache zilizotajwa, na vituo vingine huzuia wasikilizaji wa nchi zisizohusika. Njia nyepesi zaidi kwa kituo kidogo ni kupata idhini ya maandishi kutoka kwa wasanii wenyewe, jambo linalowezekana kwa wasanii wa nyumbani wanaomiliki kazi zao.

Taarifa za nyimbo zilizopigwa ni muhimu hapa pia. Seva huweza kutoa orodha kamili ya kila wimbo na idadi ya waliousikiliza. Kituo kikiipeleka kwa wakusanyaji wa mirabaha, msanii asiyejulikana sana huweza kulipwa kwa haki; kisipoipeleka, malipo huelekea kwa majina makubwa.

Mapato

Gharama za kudumu ni seva, intaneti, umeme, leseni na mirabaha. Vifaa hununuliwa mara moja, lakini huharibika kwa vumbi, joto na umeme unaopanda na kushuka. Vituo vingi vidogo huendeshwa na watu wa kujitolea. Vyanzo vya kawaida vya mapato ni matangazo ya biashara za karibu, michango kwa njia ya pesa za simu, kukodisha vyombo vya muziki kwa sherehe, na kurekodi matangazo ya watu wengine.

Katika FM wasikilizaji wakiongezeka gharama ya mnara haibadiliki. Mtandaoni, kila msikilizaji mpya huongeza data inayotoka: watu 100 wanaosikiliza mkondo wa kilobiti 64 kwa saa moja hutumia gigabaiti 2.88. Kituo kilichokodi huduma yenye kikomo huweza kunyamaza siku kinapopendwa zaidi, kwa mfano tarehe 11 Mei, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Marley.

Umuhimu

Redio ya intaneti haijachukua nafasi ya FM katika Tanzania, hasa vijijini, ambako redio ndogo ya betri bado ni chombo cha bei nafuu kuliko simu janja na bando. Nafasi yake ni kwa muziki na lugha ambazo wasikilizaji wake hawatoshi kujaza eneo moja la FM, lakini wakijumlishwa kutoka Kigoma, Nairobi, Uvira, Oslo na Marekani wanatosha kuunda kituo. Reggae ya Kiswahili ni moja ya mifano hiyo. Vilevile mtandaoni mtangazaji wa Mwandiga anaweza kusema Kiha kati ya nyimbo mbili na akasikika na ndugu zake walio mbali, bila kuhamia Dar es Salaam ili apate kipaza sauti.

Tazama pia

- Reggae
- Rastafari
- Redio
- Mkoa wa Kigoma
- Ziwa Tanganyika
- Hakimiliki